Usizime injini ukishuka Kapchorwa

Mwezi uliopita mama mkwe alimpigia mke wangu simu kutoka Bukwo (mimi hanipigii moja kwa moja, heshima za ukweni hizo) akasema cherehani yake imekufa kabisa. Hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna fundi alikuwa na kichwa cha Singer cha mitumba, bei nzuri, basi nikasema sawa, nitampelekea. Sikufikiria kwamba kichwa cha cherehani ni chuma kitupu na njia ya Bukwo ni mlima mtupu. Nikaenda na pikipiki. Na niliporudi watu wawili watatu wakaniuliza huko juu unaendeshaje bana, hiyo milima si itatuua, ndo nikaona niandike.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa mwanajeshi na Kiswahili nilikikuta nyumbani kabla ya lugha ingine yoyote, ndo maana mpaka leo nikiongea simu Kampala kwenye taksi watu wanageuka kuniangalia kiunoni kama kuna bastola, wakidhani na mimi ni askari. Lakini ukipanda Sebei, huko juu Kapchorwa na Bukwo, hakuna shida hiyo, Kenya iko pale mlango wa jirani, kila mtu anakiongea, hata bei sokoni unatajiwa kwa Kiswahili. Niliendesha boda stejini Kapchorwa miaka sita, nikaoa huko huko, sasa nauza spea Mbale. Kwa hiyo hii barabara naijua, na hiki kidole kidogo cha mkono wa kushoto ambacho hakikunji vizuri nilikipatia huko.

Kwanza mzigo. Asubuhi ile niliweka cherehani kwenye keria nyuma kabisa, nikaifunga na zile kamba za tyubu ya zamani, vuta vuta, kaza, nikaona safi. Kufika muinuko wa kwanza tu naona usukani umekuwa mwepesi, yaani unageuza na pikipiki inafikiria kwanza kama ikutii. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, mlimani tairi la mbele linanyanyuka, hata kama halijaacha lami limeshaacha kazi. Nikasimama, nikafungua kila kitu, nikaisogeza cherehani mpaka ikawa inanigusa mgongoni. Haikuwa raha, kile chuma kilinikwaruza mpaka Bukwo, lakini usukani ulirudi. Mama wa pembeni aliyekuwa anauza ndizi alikuwa ananiangalia muda wote, mwisho akaniuliza, "Sasa wewe fundi cherehani, unashona ukiendesha?"

Kutoka Mbale unapita Sironko mpaka Muyembe bado ni tambarare, joto, vumbi la Teso kwa mbali, unaendesha na mkono mmoja kama unataka. Halafu barabara inakunja kulia na kuanza kupanda. Mbale iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari na Sipi iko karibu 1,800, na ukitaka kujua hizo mita 700 zina maana gani usiulize kitabu, uliza pikipiki yako. Injini ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unazopanda kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Boxer 100, hii pikipiki yetu ya boda, ina nguvu za farasi 8 hivi, sasa toa hapo, halafu weka abiria, gunia, na yule mtoto ambaye mama yake alisema ni mdogo hana nauli. Ndo unaona boda anapanda na gia ya kwanza anatembea kama mtu wa miguu, na abiria anamlaumu.

Tena kabureta haijui kwamba imepanda mlima, inaendelea kumwaga petroli ile ile ya Mbale kwenye hewa iliyopungua. Moshi unakuwa mweusi, plagi inapakwa masizi, pikipiki inakohoa. Wateja wangu wengi wanaoishi huko juu wanakuja kununua plagi kila mara wakidhani plagi zangu ni feki (ziko feki sokoni, sikatai, lakini si zote), kumbe dawa ni fundi apunguze petroli kidogo kwenye kabureta. Dakika kumi. Siwaambii wote, na mimi nina watoto wa kusomesha.

Natania. Nawaambia.

Sasa kuna kitu ambacho mgeni hafikirii mpaka akikute. Sisi tunaendesha kushoto, na hii barabara inazunguka mlima Elgon upande wa kaskazini. Kwa hiyo ukienda, mlima uko kulia kwako na bonde liko kushoto, maana yake wewe ndo unatembea ukingoni. Kila lori linalokuja likichukua barabara yote kwenye kona wewe unasukumwa upande wa hewa. Kuna sehemu juu ya Sipi ukitupa macho kushoto unaona nchi yote imelala chini, mashamba kama viraka vya kanga, na mlima Kadam kule Karamoja umesimama peke yake wa bluu. Pazuri sana. Lakini kama unataka kuangalia, simama. Mimi nimeona mtu na helmeti ya bei kali anaangalia maporomoko ya Sipi huku anaendesha, lile kubwa la mita 100 hivi, pikipiki ikaenda kuangalia peke yake. Alitoka na goti tu.

Ukirudi inageuka, wewe unakuwa upande wa ukuta wa mlima. Huko hakuna shimo la kukumeza lakini mvua ikinyesha mawe yanadondoka, na udongo unashuka mpaka katikati ya lami, unaukuta kwenye kona, laini kama siagi. Watu wa Elgon hatuchezi na udongo. Nametsi kule Bududa mwaka 2010 mlima ulifunika kijiji, na Bulambuli, ambayo unaipita ukija huku, Novemba 2024 imepatwa na hayo hayo. Ikinyesha usiku kucha mimi asubuhi siendi, ninywe chai nisubiri jua liukaushe kidogo. Mtu akisema ana haraka, aende na boda mwingine.

Vitu vingine vya kuangalia vinakera zaidi kuliko vinavyotisha. Mawe ya mataniboi, wale utingo wa malori: lori limeharibika mlimani, taniboi anaruka anaweka jiwe nyuma ya tairi lisirudi nyuma, lori likipona linaondoka na jiwe linabaki pale pale katikati ya barabara, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na wewe unakuja saa moja usiku na taa ya Boxer ambayo inamulika kama mshumaa. Ningekuwa na mamlaka ningefunga mtu kwa hilo jiwe. Halafu mahindi. Msimu wa mavuno watu wanaanika mahindi kwenye ukingo wa lami kwa sababu lami inashika joto, na mimi siwalaumu maana mahindi yakipata kuvu hasara ni yao, lakini punje za mahindi chini ya tairi ni kama umepita juu ya gololi. Jioni tena mbuzi wanakuja kulala pale pale kwa sababu hiyo hiyo ya joto.

Baada ya Kapchorwa mpaka Suam mpakani ni kilomita 73. Leo ni lami. Wale waliozaliwa jana hawaamini ninayowaambia kuhusu hii njia. Kabla ya lami ilikuwa udongo wa volkano, ukiwa mkavu ni vumbi jekundu mpaka kwenye meno, ukilowa ni gundi na sabuni kwa wakati mmoja, sijui Mungu alichanganyaje. Tulikuwa tunafunga mnyororo kwenye tairi la nyuma, unatoa upepo kidogo, unazungusha mnyororo kati ya spoksi, unakaza, alafu ndo unaingia. Matope yalikuwa yanajaa kwenye madigadi mpaka tairi halizunguki, unashuka, unachokonoa na kijiti, unaenda mita hamsini, unashuka tena. Magari yalikuwa yanalala njiani, si kulala kidogo, kulala siku mbili, abiria wanapika. Watu wa Bukwo wakiwa na mgonjwa au safari ya Kampala walikuwa wanavuka Suam wanaingia Kenya, wanazunguka kwa Kitale mpaka wanarudi Uganda kwa mpaka mwingine. Unatoka nchi yako ili ufike nchi yako.

Lakini nitasema kitu na watu wa Kapchorwa watanitukana. Yale matope yalitufundisha. Hakuna mtu alikufa kwa spidi kwenye matope kwa sababu hakukuwa na spidi. Ulikuwa unaanguka mara nne kwa siku, ukiwa na kilomita kumi kwa saa, unacheka, unaosha. Lami imekuja na tumeipigia vigelegele, mimi mwenyewe nilipiga, sasa vijana wanajifunza pikipiki wiki moja uwanjani halafu wanapewa mlima wenye lami mpya kama kioo, unateremka wenyewe. Na petroli ni ghali. Hapo ndo ule mchezo unaanza.

Mchezo ni huu. Ukifika juu, unaweka frii (unatoa gia zote), unazima injini, unaachia. Pikipiki inashuka bure. Kimya kabisa, unasikia upepo tu na cheni ikilialia. Kila boda wa mlimani ameufanya, na atakayekataa ni muongo. Mimi niliufanya kila siku karibu mwaka mzima, kutoka juu Sipi mpaka chini Muyembe siwashi, nikifika chini nahesabu nimeokoa ngapi.

Mwaka 2016, alasiri, nilibeba mzee mmoja wa Kisabiny, wenyeji wa Sebei, na gunia la viazi. Mzee wa koti na kofia, amenyooka, alikuwa ameshika kuku wake chini ya kwapa hata hakutaka tumfunge kwenye mzigo. Tukaachia. Boxer yangu ya wakati ule ilikuwa na breki za dramu (lile duara la chuma katikati ya gurudumu, breki inabana kwa ndani) mbele na nyuma, na mimi nakanyaga ya nyuma taratibu, naachia, nakanyaga, kama siku zote. Ila siku zote sikuwa na gunia la kilo 80. Kwenye kona ya tatu au ya nne nikasikia harufu. Wale mnaojua mnaijua hiyo harufu, kama mtu anachoma kandambili. Nikakanyaga tena na pedali ikaenda chini kuliko ilivyozoea. Nikakanyaga tena, ikaenda chini zaidi. Nikavuta ya mkono, ikafika kwenye grip bila kunikatalia.

Kinachotokea ni hivi, na sikukijua siku ile, nimekielewa baada ya kuanza kuuza spea. Dramu ikipata moto inapanuka, zile breki shuu ndani zinaifukuzia haziifikii vizuri, na ile laini yenyewe, yaani kile kitu cha kusugua kilichobandikwa kwenye shuu, ikipita joto lake inateleza kama imepakwa mafuta. Breki haijaharibika. Ukiiacha ipoe inarudi kama mpya. Shida ni kwamba huna huo muda.

Na injini iko kimya. Huo ndo ujinga wenyewe, kwa sababu injini ndo breki yako kubwa mlimani, ikiwa kwenye gia na umekata resi inakushikilia yenyewe, haichoki, haipati moto wa kuogopa, na mimi nilikuwa nimeizima ili niokoe petroli. Nikafungua swichi, nikabana klachi, nikapiga gia ya nne, nikaachia klachi. Tairi la nyuma likakwama, likalia, pikipiki ikacheza kiuno, kuku akapiga kelele, injini ikashika. Nikarudi ya tatu, ikanguruma vibaya sana, spidi ikaanza kushuka lakini kona iliyofuata ilikuwa imefika tayari. Kwa bahati tulikuwa tunashuka, kwa hiyo upande wetu ulikuwa wa mlima. Nikachagua mtaro. Nasema nilichagua, sijui kama nilichagua. Tulianguka kwenye majani ya ukingo na kidole changu kikabaki kati ya usukani na jiwe.

Gunia likapasuka. Mimi nimelala chali naangalia viazi vinatupita, kimoja kimoja, vinashuka barabara vikirukaruka, vingine vikakata kona vizuri kuliko nilivyofanya mimi. Mzee alikuwa ameshakaa, kofia iko kichwani bado, anamkagua kuku bawa moja moja. Alipomaliza na kuku ndo akaniangalia.

"Kijana wangu, ulizima pikipiki?"

"Ndiyo mzee."

"Ili uokoe petroli ya shilingi ngapi?"

Lita wakati ule ilikuwa 3,500 hivi. Nikapiga hesabu pale pale na kidole kikitoka damu, na kwa hesabu ya juu kabisa ilikuwa kama shilingi mia saba. Nikamwambia. Hakunijibu kitu. Akaanza kuokota viazi, na mimi nikaokota na mkono mmoja, na tuliokota mpaka giza.

Tangu hapo nashuka hivi: gia ninayotumia kupandia mahali ndo hiyo hiyo nashukia. Kama nilipanda kona na gia ya pili, nashuka na ya pili, hata kama inapiga kelele na watoto wananicheka. Gia naishusha kabla ya kona, si ndani ya kona. Breki naibana kwa nguvu muda mfupi kisha naachia kabisa ipate hewa, siishikilii shikilii njia yote, maana kule kushikilia ndo kunaipika. Na honi, kila kona usiyoiona mwisho wake, piga honi, hakuna anayekudai. Kama umeanza kusikia harufu simama hapo hapo, kojoa, piga simu, fanya chochote dakika kumi na tano. Usimwage maji kwenye dramu yenye moto. Nimeona watu wanafanya hivyo pale chini, dramu inapasuka halafu wanakuja kwangu kununua ingine.

Niliwahi kufika Kisoro pia, kule kusini magharibi mwa Uganda, zile kona za Kanaba juu ya msitu wa mianzi wa Echuya, ukungu mpaka huoni tairi lako la mbele, halafu ukungu unafunguka ghafla na mlima Muhabura uko pale, mita 4,127, umesimama kama mtu aliyekuwa anakusubiri. Huko upande wa Kongo wana chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, wanashusha nayo magunia milimani, na breki yake ni kipande cha tairi kuukuu unachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Wale hawana injini ya kuwashikilia kabisa. Mtu wa chukudu ana sababu. Sisi tuna injini nzima hapo chini na tunaizima.

Cherehani ilifika salama. Baridi ya Bukwo ilinikuta nimevaa kavera (mfuko wa plastiki) ndani ya soksi na bado vidole vilikufa ganzi. Mama mkwe hakutoka kunisalimia mpaka nimeshaingia kivulini na kukaa, akapitisha maziwa kwa mtoto, halafu nikasikia anazungusha gurudumu la cherehani chumba cha pili, polepole, anasikiliza. Akasema kitu kwa Kisabiny, mtoto akanitafsiria: anasema inasikika vizuri, lakini sindano iko wapi. Sikuwa nimebeba sindano. Nauza spea, na nimesahau sindano.

Nikarudi kesho yake. Chini kidogo ya Sipi, niko gia ya pili, Boxer inanguruma, mgongo bado unauma, nikahisi kitu kinanipita kulia. Sikukisikia, nilikihisi. Kijana wa boda, hana helmeti, injini imezimwa, nyuma amebeba mama na mtoto mgongoni, na mama ameshika mwavuli umefungwa. Wakanipita kama ndege. Nikapiga honi, nikapiga tena ndefu, kijana akainua mkono akanipungia.

Nilimkuta stejini Muyembe yuko mzima, anakunywa soda, mama ameshaondoka. Nikasimama nikaanza kumwambia kuhusu dramu, kuhusu joto, nikamwonyesha mpaka kidole. Alinisikiliza vizuri, ana adabu, kisha akaangalia pikipiki yangu, akaigusa injini na mkono akautoa haraka kwa moto.

"Lakini mzee," akasema, "hii yako inakunywa petroli sana."